Ufasaha wa Ulimi na Ubora wa Kalamu: Suala la Watahiniwa wa Mombasa Bara

Utangulizi

Katika shule nyingi za upande wa bara wa Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, mwalimu wa Kiswahili hukumbana na imani mbili. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi anayetiririka Kiingereza ni mwerevu, na kwa hivyo ataandika vizuri kwa lugha yoyote atakayoishika. Ya pili ni kwamba mwanafunzi mzaliwa wa Pwani hana haja ya kuhangaika na Kiswahili, kwani ni lugha ya kwao. Imani hizi zinaonekana kupingana, lakini ukizichunguza utaziona ni ndugu wa toka nitoke. Zote mbili zinadai kwamba anayesema vizuri ataandika vizuri.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dai hilo halina msingi, kueleza sababu zake, na kupendekeza namna mwalimu na mtahiniwa wanavyoweza kulikabili. Hoja yetu kuu ni kwamba ufasaha wa kusema humsaidia mtu kuwasiliana na aliye mbele yake, ilhali uandishi humtaka awasiliane na asiyekuwepo. Hizi ni kazi mbili tofauti. Anayeimudu ya kwanza huenda asiimudu ya pili hadi afunzwe.

Suala hili halihusu alama za mtihani pekee. Mwanafunzi anayeitwa mzito kwa sababu Kiingereza chake kinakwaruza huweza kuacha kuandika kabla hajaanza. Naye anayesifiwa kila siku kwa ulimi wake mwepesi hufika chumba cha mtihani bila kujua kwamba kalamu yake haijapata kufanyiwa kazi.

Dhana ya ufasaha

Mwaka 1979 mtaalamu Jim Cummins wa Kanada alitofautisha aina mbili za umilisi wa lugha: umilisi wa mazungumzo ya kila siku na umilisi wa lugha ya kitaaluma. Alionyesha kwamba mtoto aliyehamia nchi ngeni huweza kupata lugha ya mazungumzo katika muda wa takriban miaka miwili, lakini lugha ya kusomea na kuandikia humchukua miaka mitano au zaidi. Walimu waliowasikia watoto hao wakizungumza bila kigugumizi walidhani wameshaimudu lugha. Walipofeli mitihani, lawama iliwekwa kwenye akili zao.

Kosa la namna hiyo hutokea kwetu pia. Mzungumzaji ana visaidizi vingi. Ana mikono, macho, toni ya sauti na mahali wanapokutania na msikilizaji. Akisema "yule jamaa wa pale", msikilizaji humwelewa, na asipoelewa atauliza, "Nani huyo?" Mwandishi hana hata kimoja cha visaidizi hivyo. Msomaji wake yuko mbali, labda katika kituo cha usahihishaji, hamjui mwandishi wala mtaa wake, na hana nafasi ya kuuliza swali. Kila ambalo mazungumzo hulijaza kwa ishara, mwandishi sharti alijaze kwa neno.

Hali ya lugha katika Mombasa Bara

Mombasa ni makao ya Kimvita, lahaja yenye ushairi mkongwe uliotukuzwa na Muyaka bin Haji katika karne ya kumi na tisa. Hata hivyo, mkutano wa mwaka 1928 uliochagua lahaja ya kusanifishwa ulifanyika papa hapa Mombasa, na lahaja iliyochaguliwa ilikuwa Kiunguja. Tangu hapo mtoto wa Mombasa amekuwa akisema lugha moja nyumbani na kupimwa kwa nyingine iliyo jirani sana nayo. Ujirani huo ndio mtego. Tofauti zinapokuwa kubwa, mwanafunzi hujua kwamba ana la kujifunza. Zinapokuwa ndogo, kama vile ndia na njia, matozi na machozi, mtele na mchele, hudhani hana la kujifunza.

Upande wa bara una mchanganyiko zaidi. Likoni ina Kidigo pembeni mwa Kiswahili. Changamwe, iliyolichukua jina la Wachangamwe, mojawapo ya makabila ya Thelatha Taifa ya Waswahili wa Mombasa, iliwavuta watu wa kila pembe ya Kenya kwa sababu ya reli, bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho kiliacha shughuli hiyo mwaka 2013. Kisauni nayo ina wenyeji wa Pwani na wahamiaji kutoka bara. Kwa hivyo darasa moja la kidato cha tatu huweza kuwa na mwenye Kimvita cha kurithi, mwenye Kiswahili cha mtaani, aliyelelewa kwa Kiingereza, na aliyekipata Kiswahili shuleni. Nani kati yao ataandika vizuri zaidi? Hatuwezi kujua kwa kuwasikiliza wakizungumza.

Ushahidi wa historia: Frere Town

Mfano mzuri wa kukata shauri hili uko papa hapa ng'ambo ya kisiwa. Mnamo 1875 wamishonari wa Church Missionary Society walianzisha makao ya watumwa waliokombolewa, wakayaita Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yao bado ipo, na ndiyo iliyolipa jina eneo la Kengeleni. Waliokusanywa hapo walitoka katika jamii nyingi, wakiwemo Wayao. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Kilikuwa lugha waliyokutania.

Ni katika jamii hiyo ambamo alitoka James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichapishwa mwaka 1934. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya nathari ya Kiswahili vilivyoandikwa na Mwafrika wa Kenya. Basi moja ya kazi za awali za nathari yetu haikutoka kwa ukoo wa malenga, bali kwa watoto wa watu waliojifunza Kiswahili ukubwani.

Mhakiki asiishie kwenye sifa. Uhuru wa Watumwa imekosolewa vikali kwa kuwatukuza mno Waingereza na wamishonari na kufumbia macho madhara ya ukoloni. Ukosoaji huo unatufunza jambo la pili: usanifu wa lugha ni kitu kimoja, na msimamo wa mwandishi ni kitu kingine. Sentensi iliyonyooka huweza kubeba mtazamo uliopinda. Mtahiniwa anayeandika kwamba "mwandishi amefaulu kwa sababu lugha yake ni nyepesi" hajahakiki. Amesifu ulimi tu.

Mifano mingine inaelekea huko huko. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alikuwa miongoni mwa washairi mashuhuri wa Kiswahili wa karne ya ishirini, na jina lake limefungamana na ngonjera. Kitabu Historia ya Kiswahili cha mwaka 1977 kina majina mawili kwenye jalada: lake na la Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa. Mwenyeji na mgeni wa lugha walikaa kwenye jalada moja bila yeyote kuwa mdogo wa mwenziwe. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe na Ken Walibora wa magharibi mwa Kenya pia hawakukipata Kiswahili kwa njia ya mtoto wa Mji wa Kale. Walibora, katika Siku Njema ya mwaka 1996, alimpa mhusika wake mkuu jina la Kongowea Mswahili, na wasomaji wa Pwani wakampokea kama mtoto wao.

Je, Kiingereza chenyewe?

Wanaokitukuza Kiingereza fasaha wangeshangaa kuona historia ya lugha hiyo. Joseph Conrad, mmoja wa waandishi wakuu wa riwaya za Kiingereza, alizaliwa Mpolandi na kujifunza Kiingereza akiwa mtu mzima. Amos Tutuola wa Nigeria, ambaye hakupata masomo mengi, alichapisha The Palm-Wine Drinkard mjini London mwaka 1952. Kiingereza chake hakikufuata sarufi ya shuleni, na baadhi ya wasomi wa kwao waliona haya. Hata hivyo, masimulizi yake yanasomwa hadi leo, huku maandishi ya wengi waliokuwa fasaha kumshinda yakiwa yamesahauliwa. Tutuola alikuwa na hadithi na alijua kuisimulia. Hilo ndilo msomaji alilolitaka.

Katika shule zetu Kiingereza kimekuwa kipimo cha akili kwa muda mrefu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa zama za ukoloni walivyoadhibiwa na kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha yao shuleni. Mwanafunzi anayefunzwa kwamba lugha ya nyumbani ni kosa hujifunza pia kwamba fikra alizozipata kwa lugha hiyo hazifai kuandikwa. Hapo ndipo tunapopoteza waandishi.

Vifungu vitatu vya kulinganisha

Ili kulifafanua jambo hili, tumebuni vifungu vitatu kwa ajili ya makala haya. Chukulia kwamba mada ni "Asubuhi katika kivuko cha Likoni".

Kifungu A: "Asubuhi hiyo tukateremka pale, watu ni hao! Basi akaja yule jamaa, akamwambia yule mwengine avitoe vile vitu vyake, naye hataki. Mara vurugu. Kila mtu ashika ndia yake."

Kifungu B: "Mwisho wa siku, kivuko cha Likoni kinacheza sehemu kubwa katika maisha ya watu. Siku hiyo nilichukua feri na nilikuwa na wakati mzuri. Ni muhimu kutambua kwamba usafiri ni ufunguo wa maendeleo."

Kifungu C: "Feri ilifika saa moja na robo. Mama mmoja alikuwa amebeba kikapu ya samaki kichwani, na maji ya barafu ilikuwa inamtiririkia mgongoni. Alitaka kufika Kongowea kabla wateja hawajaondoka. Mlinzi alipofunga lango, hakulia. Alikaa chini akaanza kuhesabu samaki ambao hawatauzika."

Mwandishi wa A ni mwenyeji wa lugha. Kiswahili chake kina mapigo ya Mombasa, na angekisimulia kisa hiki barazani tungemsikiliza. Kwenye karatasi, tatizo linajitokeza. Yule jamaa ni nani? Vitu gani? Vurugu ya namna gani? Amemwandikia mtu aliyekuwepo kivukoni, kumbe msomaji hakuwepo.

Mwandishi wa B ni fasaha katika Kiingereza, na sentensi zake zimevaa kanzu ya Kiswahili juu ya mwili wa kigeni. Mswahili hapandi basi kwa "kulichukua". Hulipanda au huliabiri. Jambo "halichezi sehemu kubwa" bali huchangia pakubwa. Badala ya "mwisho wa siku" tuna hatimaye na mwishowe, na aliyefurahi husema alifurahi. Dosari iliyo kubwa kuliko hizi za msamiati ni kwamba kifungu chote hakisemi lolote. Kingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajapata kuiona feri.

Mwandishi wa C amekosea ngeli mara mbili: ni kikapu cha samaki, na ni maji yalikuwa yanamtiririkia. Mwalimu anaweza kumsahihisha kwa dakika moja. Lakini tazama alichonacho. Kuna saa, mtu, mzigo, haja, kizuizi na tokeo. Ile hesabu ya samaki inaonyesha hasara bila kuitaja. Makosa yake yako juu ya ngozi, ilhali makosa ya A na B yako ndani ya mifupa.

Hatusemi kwamba makosa ya sarufi yasiadhibiwe. Insha katika KCSE hutuzwa alama 20, na sarufi na hijai zina nafasi yake pamoja na maudhui, msamiati na mtindo. Tunachosema ni kwamba mwalimu anayemsifu A kwa "Kiswahili kizuri" na kumjaza C wino mwekundu amewapotosha wote wawili. A hatajua la kurekebisha. C ataacha kuangalia vikapu vya watu na kuanza kutafuta misemo ya kukariri.

Ufasaha na uhakiki wa fasihi

Katika karatasi ya fasihi tatizo hili huvaa sura nyingine. Chukua swali kama hili kuhusu Rosa Mistika ya Kezilahabi: "Eleza jinsi malezi ya Zakaria yalivyochangia anguko la Rosa." Mtahiniwa mwenye ulimi mwepesi huandika hivi: "Ama kwa hakika, samaki mkunje angali mbichi. Zakaria alikuwa mzazi mkali ajabu, na ukali wake ulikuwa moto wa kuotea mbali." Tumepata methali na nahau, lakini hatujapata hoja.

Linganisha na jibu hili: "Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana badala ya kuzungumza naye. Rosa anajifunza kumwogopa baba, hajifunzi kuchagua. Anapofika chuoni, baba hayupo, na uoga ukiondoka hakuna kilichobaki cha kumwongoza. Isitoshe, Zakaria mwenyewe ni mlevi, kwa hivyo amri zake hazina mfano wa kuziunga mkono." Lugha hapa ni ya kawaida kabisa. Lakini kila sentensi inatoa tukio, sababu au tokeo. Mtahini ana cha kutuza.

Ni vivyo hivyo katika swali la muktadha wa dondoo. Huhitaji madoido. Taja anayesema, anayeambiwa, mahali na sababu ya maneno hayo.

Kwenye ushairi, mwenyeji wa Mombasa ana faida ambayo mara nyingi huitupa. Anapokutana na neno kama ndia au matozi katika shairi la malenga wa Mvita, huandika haraka chini ya uhuru wa mshairi kwamba "ametumia tabdila". Tabdila ni kubadilisha sauti ya neno kwa ajili ya arudhi bila kubadilisha idadi ya mizani. Ikiwa mshairi ni wa Mombasa, neno hilo huenda halijabadilishwa hata kidogo. Ndivyo linavyotamkwa kwao. Hapo jibu sahihi ni matumizi ya lahaja. Mtahiniwa wa Kisauni anayemsikia bibi yake akisema ndia kila siku ana ujuzi ambao mwenzake wa mbali hana. Autumie kuhakiki, asiutumie kuandikia insha ya kawaida.

Tahadhari

Lingekuwa kosa kumalizia kwamba ufasaha hauna thamani, au kwamba lugha mbovu ni dalili ya fikra nzito. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968, Kenya Twendapi? Diwani hiyo ilitoka mwaka 1973. Kimvita chake kina kina ambacho mgeni angehitaji miaka mingi kukifikia. Lakini ukiyachunguza mashairi hayo utaona kwamba urithi wa lugha haukutosha peke yake. Kuna vina na mizani vilivyopimwa, na kuna hoja inayojengwa ubeti baada ya ubeti. Lugha ilikuwa mali aliyorithi, na kazi aliifanya mwenyewe. Anayerithi shamba bila kulilima hali mavuno yake.

Mapendekezo kwa walimu na watahiniwa

Kwanza, insha isahihishwe mara mbili. Katika usomaji wa kwanza, mwalimu atazame tu kama jambo limesemwa na limeeleweka. Katika usomaji wa pili, ashughulikie ngeli, tahajia na uakifishaji. Mwanafunzi arudishiwe maoni ya aina zote mbili.

Pili, wanafunzi wabadilishane insha na wenzao wa mkondo mwingine. Msomaji apigie mstari kila "yule", "pale", "vitu" na "mambo" ambayo hayakuelezwa, naye mwandishi asiruhusiwe kufafanua kwa mdomo. Lazima arudi aandike.

Tatu, kwa sentensi zenye harufu ya Kiingereza, mwanafunzi ajiulize: bibi yangu wa Mtongwe angelisemaje jambo hili? Mara nyingi jibu lake ndilo Kiswahili.

Nne, lahaja isifukuzwe. Iwekwe mahali pake, katika usemi halisi wa wahusika, pamoja na alama za mtajo.

Tano, ufasaha wa Kiingereza usitumiwe kumpangia mwanafunzi kiwango chake cha uandishi. Apewe kalamu, aandike, ndipo ahukumiwe.

Hitimisho

Tumeona kwamba Wayao wa Frere Town, Mgogo wa Dodoma na Mpolandi aliyeandika Kiingereza hawakuzuiwa na lugha ya kujifunza. Tumeona pia kwamba malenga wa Mvita hakubebwa na lugha ya kurithi peke yake. Wote walimfikiria msomaji asiyekuwepo. Watahiniwa wa KCSE, na wale wanaofuata Mtaala wa Umilisi katika shule ya upili ya juu, wanahitaji somo hilo hilo. Mwalimu wa Likoni, Kisauni au Changamwe ana utajiri wa ndimi nyingi darasani mwake. Asiwapange wanafunzi kwa wepesi wa ndimi hizo. Awafunze wote kumwandikia mgeni.

Maswali ya kutafakari

1. Andika upya Kifungu A ili mtu ambaye hajafika Likoni akielewe, bila kupoteza mapigo yake ya Kimombasa.

2. Rekebisha Kifungu B kwa kuongeza tukio moja mahususi na kuondoa tafsiri sisisi zote.

3. "Lugha nyepesi si hoja ya uhakiki." Jadili kauli hii ukirejelea kitabu teule unachokisoma.

4. Tofautisha tabdila na matumizi ya lahaja, ukitoa mifano miwili kwa kila dhana.